Dishi Lenye Haya

Siku ya tatu ya msiba wa Bi Mize, hitma ilipokwisha kusomwa na chakula hakijaletwa, Hadia, mjukuu wa kaka yake, alinisogelea pale mkekani akaniwekea simu mapajani. "Mtizame bibi," akanambia. Alikuwa Bi Mize arusini kwa watu, mwaka jana, anacheza. Video ile ilikuwa imeshapita simu nyingi kabla ya kumfikia Hadia, na kila ilikopita ilibanwa ili ipate kupita, kwa hiyo nilichokiona ni kanga nyekundu iliyokatikakatika vipande vya mraba, mkono uliochelewa kuufuata mwili, na uso usiokuwa na pua. Kisha Bi Mize alichoka, akakaa kitini kujipepea, na vile vipande vikarudi mahali pake kimoja kimoja mpaka sura yake ikatokea safi, hata kidoti cha juu ya mdomo nikakiona. Nikaanza kucheka. Nilijiziba kwa mtandio, mabega yakinitikisika, na wanawake wawili wakanishika mgongo wakanambia nivute subira, kila nafsi itaonja mauti, nisijiumize kwa kilio. Sikuwasahihisha. Ilikuwa mara ya pili katika maisha yangu kuwanyamazia watu waliokosea kwa sababu ya picha iliyovunjika, na mara zote mbili ndani yake alikuwamo Bi Mize.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka ule niliofeli mtihani wa kidato cha pili. Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayana kitu ambacho msomaji hajakisikia kwa wengine. Nilipelekwa Madungu kwa Bi Mize nikajifunze cherehani, na nikakuta nyumba yenye chumba kimoja cha mbele ambamo kila kitu kilifanyika: kushona, kula, kupokea wageni, na kuwasema wageni wakishatoka. Cherehani ya miguu ilikaa dirishani. Kabati lilijaa vikombe ambavyo havikunywewa na mtu hata siku moja. Bi Mize alikuwa na miaka arobaini na kitu, ameachwa na waume wawili, na wa tatu, kwa kauli yake, yeye ndiye aliyemwacha. Nyumba ilikuwa ya urithi na mwenye neno juu yake alikuwa kaka yake mkubwa, Maalim Faki, aliyesomesha chuo cha Kurani Mtambile. Maalim alitaka nyumba ipangishwe na dada yake ahamie kwake, akae na wifi yake. Bi Mize na wifi yake walikuwa hawasemezani kwa sababu ya birika moja lililoazimwa arusini likarudi bila kifuniko. "Mie Mtambile ntakwenda nimebebwa," alisema kila habari hiyo ilipotajwa, na akakanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika. Ili asiende ilimpasa ajitegemee. Ili ajitegemee ilimpasa awe na wateja. Na Madungu haikuwa na upungufu wa mafundi cherehani.

Ndipo akanunua tivii. Muuguzi mmoja kutoka bara alikuwa amehamishwa, na dishi lake lilikuwa kubwa kama paa la banda la kuku, halipakiziki melini bila ugomvi, kwa hiyo akaliacha pamoja na risiva na tivii yenyewe. Fundi Hemedi wa Wingwi alilifunga uani, karibu na karo ya kufulia. Tulipata stesheni saba za Kiarabu, zote za bure, na moja ilionyesha tamthilia kila siku baada ya swala ya alasiri. Wanawake wakaanza kuja. Kila mmoja alikuja na kitambaa mkononi, ili mtu akimuuliza njiani aseme anakwenda kwa fundi. Kiarabu hakuna aliyekijua ila Bi Mize, na yeye alikijua kile cha swala tu, lakini alitafsiri kila neno bila kusita. "Anamwambia, sikutaki, wewe mama yako mchawi." Leo nikikumbuka yale aliyotafsiri naona hadithi yake ilikuwa nzuri kuliko yao. Mkate wa kumimina ukikatwa, chai ya mdalasini ikimiminwa, na kabla ya magharibi vitambaa vitatu au vinne vilikuwa vimeshapimwa.

Kasoro ilikuwa picha. Watu wakikaa kwenye makochi wakizungumza, ilikuwa safi, unaona hata vumbi la zulia. Wakitembea, ilianza kumumunyuka. Wakikimbia au mvua ikinyesha huko kwao, yote ikawa vipande vya mraba vinavyogombana. Tulifanya kila tulichokijua. Tulilisukuma dishi kulia na kushoto, tukaondoa kamba ya kuanikia nguo, na Bi Saumu, jirani yetu mwenye maneno kuliko watu wote niliowahi kuwajua, akashauri tupunguze watu chumbani, kwa sababu macho mengi yanaichosha. Tukajaribu na hilo. Hemedi alikuja na kipimo chake akasema mawimbi yanaingia yote, dishi halina kosa lolote, akanywa chai akaondoka.

Maalim Faki alikuja bila taarifa siku ya Jumatano, msimu wa karafuu umepamba na kanzu yake inanukia majamvi ya karafuu aliyopita njiani. Wanawake walikimbilia jikoni kama maji. Alivua viatu, akakaa juu ya kiti kilichokuwa na suruali ya mtu isiyokwisha kushonwa, na akavuta tasbihi. "Mize, nimeambiwa umeweka sinema ndani ya nyumba ya marehemu baba."

"Si sinema, kaka. Watu tu wanazungumza."

"Basi n'oneshe hao watu wanaozungumza. Nikiona upuuzi, dishi linashuka leo na weye unafunga mizigo."

Bi Mize aliwasha. Nilikuwa mlangoni mwa jikoni, Bi Saumu akinihemea shingoni. Kwa nusu saa watu walikaa kwenye makochi na kusikitika, na mimi nikaanza kuamini tumepona. Kisha wakaenda arusini. Mchezaji akaingia, na mara kiuno kilipoanza kazi, picha ikavunjika. Kulikuwa na vipande vya rangi ya chungwa na vipande vya kahawia, na katikati kitu kinachokwenda na kurudi ambacho kingeweza kuwa mwanamke au mtu anayekung'uta godoro. Mama wa bi arusi akaoneshwa, amejitanda, ametulia: safi. Akarudi mchezaji: vipande. Akaoneshwa mzee mwenye ndevu: safi, unywele mmoja mmoja. Tasbihi ya Maalim ilisimama. Aliinuka akaisogelea tivii, akainama, akatazama nyuma yake, akarudi kukaa.

"Subhanallah," akasema taratibu. "Mize. Chombo hichi kina haya."

Bi Mize aliinamisha macho. "Ndo hivyo, kaka," akajibu.

Ijumaa Maalim aliwahadithia watu msikitini kwake. Alikuwa mtu mkweli, na alilosema alilisema kama alivyoliona, na ndiyo sababu waliamini. Ndani ya wiki mbili, waume waliokuwa wamekataza tivii majumbani walianza kusema, "Kwa Bi Mize, sawa. Kwengine simo." Wanawake wakaja kutoka mitaa ambayo sikuwahi kusikia majina yake. Chumba hakikutosha, wengine wakakaa ukumbini wakisikiliza tafsiri bila kuona kitu, na cherehani ikawa haipoi. Wala hawakulalamika tena juu ya vile vipande. Wakati wa ngoma walitulia na kungoja kama watu wanaompisha mtu njia, na Bi Mize aliwasimulia mavazi ya mchezaji, ambayo hakuyaona.

Hemedi alirudi akiwa na shida. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, na mimi nikampelekea chai. Sisi ndani tulikuwa tumemaliza kula, watu watano wa sinia moja kama kawaida yetu: Bi Mize, mimi, Bi Saumu na binti zake wawili. Sinia lilikuwa sakafuni mbele yake, halijaoshwa. "Kuna bwana mmoja," Hemedi akanambia kwa sauti ndogo, "ananifuata tangu juzi. Anasema, yakhe, nitilie na mie hiyo haya kwenye dishi langu, hata nusu. Namwambia haya haifungwi kwa bisibisi. Anadhani nataka aongeze dau. Nyinyi mmewaambia nini watu?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka chai ikamwagikia gotini, kisha akanionesha sinia. Alisema kule juu setilaiti hutoa sinia moja, na stesheni zetu saba zinakula humo humo. Chakula chenyewe wanakiita data, na kila stesheni ina kiwango chake kwa sekunde. Yetu ilikuwa ya bure, maskini, kiwango chake kidogo. Sasa picha ya mtu aliyekaa haili sana, kwa sababu kilichokuwapo sekunde iliyopita ndicho kilichopo sasa, hakitumwi upya. Picha ya mtu anayecheza inakula kila kukicha: mkono umehama, nguo imehama, shanga zimehama, zote zinataka data mpya. Tonge halitoshi, basi risiva inajaza kwa vipande. "Dishi lako linapokea kila linachopewa," akasema. "Tatizo ni kile stesheni inachopewa. Hiyo picha ina njaa tu, dada." Watu hudhani nilikuja kuolewa na Hemedi. Sikuolewa naye. Lakini sijawahi kufundishwa kitu kikaniingia kama kile, na nilikaa darasani miaka tisa.

Jioni ile nilimwambia Bi Mize yote. Alikuwa na pindo la gauni mapajani na hakuinua kichwa. "Nani kasema uongo?" akaniuliza. "Kaka kasema mwenyewe. Mie nimesema ndo hivyo."

"Lakini si hivyo, Bi Mize."

"Weye unataka nikapange safari ya Mtambile? Nikagombanie kifuniko cha birika? Na weye urudi kwenu ukatwange?" Akaukata uzi kwa meno. "Kunyamaza si uongo, mwanangu. Kungekuwa uongo, nusu ya mji ingekuwa motoni."

Nilinyamaza. Nisiseme nililazimishwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nakula vizuri, najifunza kukata kola, na kila alasiri nilikuwa na tamthilia. Nilinyamaza kwa raha zangu, na kila Maalim alipotuletea ndizi na kutuambia jinsi watu wa kwake walivyozindukana, nilikwenda jikoni kuosha kitu kilichokwisha oshwa.

Kisha stesheni ya saba ikafa. Ilikuwa ile iliyouza mazulia mchana kutwa, hatukuipenda, na siku ilipogeuka kiza hakuna aliyeisikitikia. Kumbe tonge lake lilirudi siniani, na kesho yake waliobaki sita wakagawana. Tulikaa kama kawaida, arusi nyengine ikaja, mchezaji akaingia, nasi tukatulia kumpisha. Hakuvunjika. Alikuja mzima, mwororo, kitovu chake mahali pake na shanga zake unaweza kuzihesabu. Bi Mize, aliyekwisha anza kutafsiri kwamba amevaa joho la kijani, alinyamaza katikati ya joho.

"Mama wee," akasema Bi Saumu. "Haya imekwisha."

Siku hiyo hiyo ikaja salamu kutoka Mtambile: Alhamisi Maalim atakuja na wazee wawili wa msikitini, wasioamini, waje wajionee. Hemedi alikuwa Wingwi, barabara imeharibika kwa mvua. Kesho yake Bi Mize alitembea chumbani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kisha akasimama mbele ya dishi uani akalitazama kama mtu anayemtazama mtumishi aliyemwangusha. Mpango aliutoa yeye. Nikae uani na sinia. Ngoma ikianza, atagonga dirisha la mbao mara tatu, nami niliweke sinia mbele ya jicho la dishi, kile kichwa chake cha katikati kinachopokea mawimbi, picha iharibike. Ngoma ikisha atagonga tena, niliondoe. Nilimwambia, kweli nilimwambia, kwamba Hemedi alisema kukosa data ni jambo moja na kukosa mawimbi ni jambo jengine. "Picha mbaya ni picha mbaya," akajibu. Na mimi nikashika sinia.

Wazee walifika, wakakaribishwa, wakapewa vile vikombe vya kabatini, ndipo nikajua hali ni mbaya kiasi gani. Nilisimama juu ya karo, sinia mkononi, nikisikiliza. Makochi yalizungumza muda mrefu. Ghafla muziki, na dirisha likagongwa mara tatu. Nikaliweka sinia. Muziki ukakatika papo hapo, nikafurahi. Dirisha likagongwa tena, lakini kwa haraka na bila idadi, kama mtu aliyefungiwa ndani, na mimi nikafikiri ninaziba vibaya, nikalisogeza sinia nikalikandamiza kwa mikono miwili na kifua. Likagongwa tena. Nikakandamiza zaidi. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Bi Saumu, miaka yote baadaye, alisema ulikuwa muda wa kutosha kusoma Yasini.

Kilichotokea ndani ni hiki. Picha ikikosa data, huvunjika. Lakini ikikosa mawimbi, risiva yetu ilikuwa inashika picha ya mwisho iliyoipata na kukaa nayo. Ya mwisho iliyoipata ilikuwa kiuno cha mchezaji, kimejaa kioo kizima. Na kwa kuwa sasa kimetulia, hakichezi, kilikuwa safi kuliko kitu chochote kilichowahi kuonekana katika tivii ile. Wazee wawili wa Mtambile, vikombe mkononi, walikitazama na chenyewe kikawatazama. Bi Mize aligonga, akagonga, mwisho akajivua kanga ya begani akaitupa juu ya tivii. Ilikuwa kanga mpya na jina lake likaning'inia mbele ya wazee kwa herufi kubwa: Mwenye macho haambiwi tazama.

Niliingia wakati huo, sinia kifuani, nikitaka kuuliza kama imeharibika vya kutosha. Maalim Faki alinitazama mimi, akalitazama sinia, akaitazama kanga. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo. "Mize," akasema, "ile haya imekwenda wapi?"

Bi Mize hakuwa na tafsiri. Alinitazama. Nilijua macho yale yanasema ninyamaze, na nilijua pia kwamba nikinyamaza safari hii, wale wazee watarudi Mtambile wakisema Maalim ni mwongo, na kati yetu yeye ndiye pekee ambaye hakuwa amemdanganya mtu.

"Maalim," nikasema, "haikuwa haya. Ilikuwa njaa."

Nikaliweka sinia sakafuni nikawaeleza kama nilivyoelezwa: walaji saba, tonge la maskini, mtu aliyekaa na mtu anayecheza, na yule wa mazulia aliyekufa. Mengine niliyasahau. Mzee mmoja aliniuliza kama anayecheza akipewa tonge zuri atazidi kuonekana. Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyelijua hilo siku nyingi.

"Na weye ulijua tangu lini?" Maalim akaniuliza.

"Tangu msimu wa karafuu, Maalim."

"Ukala ndizi zangu."

"Nikala."

Alivuta tasbihi duru nzima. Nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo zangu moyoni, na za Bi Mize pia. Kisha akawageukia wenzake. "Alosema chombo kina haya ni mimi," akawaambia. "Huyu dada yangu alisema ndo hivyo. Ijumaa ntasimama niseme nilikosea, na nyinyi mtakuwapo." Akavaa kiatu kimoja, akasita. "Mize, dishi libaki. Lakini kanga hiyo nayo ibaki. Itundikwe kwa kamba, na huyu mtoto akae pembeni, likija la kuja aivute. Haya ya mashine sikuiona. Ya mtoto huyu nimeiona."

Basi miezi iliyobaki ya mwaka ule haya ya dishi nilikuwa mimi. Nilikaa pembeni ya tivii, kamba mkononi, nikivuta na kuachia, na nilitukanwa na kila mtu: wengine nawahi, wengine nachelewa, na Bi Saumu akidai navuta kwa choyo. Wateja walipungua kidogo, kisha wakarudi, kwa kuwa tafsiri ilikuwa ile ile. Bi Mize hakunisemesha siku tatu. Tulikula sinia moja na upande wangu ulikuwa wali mtupu; mwenzio huruhusiwi kumchukulia cha mbele yake, na mbele yangu hakukuwa na kitu. Siku ya nne, bila kunitazama, alimega mnofu wa chewa upande wake akausukuma kwa vidole mpaka kwangu. Akaendelea kula. Ndivyo nilivyojua.

Hakwenda Mtambile. Alikaa katika nyumba ile mpaka Jumatatu iliyopita, akapelekwa makaburi ya kwao huko huko Mtambile, amebebwa, kama alivyosema.

Chakula cha hitma kilipoletwa, nilijikuta nimekaa na Bi Saumu na binti zake wawili, ambao sasa nao ni bibi za watu. Walituwekea sinia la watano bila kuuliza. Tulikula wanne, kila mmoja cha mbele yake, na upande wa dirishani, alikokuwa akikaa Bi Mize, wali ulibaki umesimama na nyama yake juu, haujaguswa. Bi Saumu aliutazama muda mrefu.

"Kwenye sinia la yule Hemedi," akasema, "mlaji mmoja akiondoka, waliobaki si hushiba?"

"Ndivyo alivyosema, Bi Saumu."

"Mie mbona sishibi?"

Nilimega nyama ya upande ule nikaisukuma mpaka mbele yake. Akaniuliza ataitafuna na nini, na meno yenyewe mawili. Kisha akaitia mdomoni, akawa anaimung'unya pole pole, na sote tukamngojea.